Habari ya mteja itoke siku hiyohiyo: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo ya mahusiano ya umma Kigoma

Malalamiko ni yaleyale. Waandishi walikuja, walipiga picha, soda zikaisha, na saa 2 usiku taarifa ya habari ikapita bila neno hata moja kuhusu mteja. Asubuhi mteja anapiga simu, na ofisi inamsingizia mhariri.

Mara nyingi mhariri hana kosa. Majina, takwimu, nukuu na idhini, ambavyo vilipaswa kukamilika jana yake, viliachwa vishughulikiwe siku ya tukio, saa ambayo ofisi nzima inahangaika na viti na spika. Siku ya tukio si siku ya kuandika. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata hilo.

Tutatumia mfano mmoja wa kutunga: kikundi cha akina mama wa Simbo wanaokamua mawese wanazindua mashine ya kukamulia, na wewe umepewa kazi ya kuitangaza. Ofisi yenu ina watu watatu.

## Mahitaji

Vifaa

- Kamera moja na simu moja yenye kamera nzuri, au simu mbili.
- Maiki ya kubana kwenye nguo, yenye sponji la kuzuia upepo. Ukiwa Kibirizi, Katonga au mwalo wowote wa ziwa, sauti isiyo na sponji ni mvumo mtupu wa upepo na redio haiwezi kuitumia.
- Stendi ya simu, pawabanki mbili zilizojaa, na kompyuta mpakato.
- Laini za mitandao miwili tofauti, zote na bando. Mtandao unaoshika vizuri mjini, kata ya Mwanga, unaweza kugoma ukishaacha lami.
- Daftari la majina na fomu za ridhaa ya kupigwa picha.

Watu

- Wa dawati: anaandika, anatuma, anapiga simu. Huyu anabaki ofisini.
- Wa kamera: picha, video na sauti. Hafanyi kingine.
- Wa wageni: itifaki, viti, waandishi, mteja.

Ofisi nyingi zinapinga kumwacha mtu ofisini, zinaona ni anasa. Lakini mtu aliyesimama juani Simbo, simu ina asilimia 12 na mgeni rasmi anamwita, hawezi kuandika aya iliyonyooka. Kama mpo wawili tu, mtafuteni kijana wa siku moja wa kushughulikia wageni. Dawati lisiguswe.

Orodha ya waandishi

Jina na namba peke yake hazitoshi. Kwa kila mwandishi andika chombo chake, anahitaji nini (sauti, video, picha au maandishi), saa yake ya mwisho ya kupokea, na kituo chake cha kazi. Aliyeko Kibondo hatakuja Simbo kwa tukio la nusu saa, ila atatumia sauti ukimtumia. Anza na klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, kisha maafisa habari wa halmashauri. Pitia orodha kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu waandishi huhama vyombo na namba hubaki zilezile.

## Hatua ya 1: Tafuta siku isiyo na mpinzani (siku 14 kabla)

Kabla hujampa mteja tarehe, piga simu tatu: kwa afisa habari wa Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, kwa afisa habari wa halmashauri husika, na kwa kiongozi wa klabu ya waandishi. Uliza kuna nini wiki hiyo. Mwenge wa Uhuru ukiwa mkoani, au kukiwa na ziara ya waziri, kila mwenye kamera anakwenda huko na wewe utabaki na viti.

Mambo ya kilimo yaepuke wiki ya kwanza ya Agosti. Maonesho ya Nane Nane ya kanda ya magharibi hufanyika Tabora, Ipuli, na wataalamu uliotaka wahojiwe kuhusu chikichi, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, huenda wakawa huko.

Ijumaa Ujiji, maliza kabla ya saa 5 na nusu au chagua siku nyingine. Mwezi wa Ramadhani usipange chakula cha mchana.

Zingatia na jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua huwa utosini karibu saa 7 mchana, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Mwanga mzuri wa picha ni kati ya saa 2 na saa 4 na nusu asubuhi. Baada ya hapo, nyuso zilizo chini ya kofia na vilemba zinatoka nyeusi. Tukio lianze saa 3.

Kama tukio liko kijiji cha mwambao wa kaskazini, kama Mwamgongo au Kagunga, usitegemee boti za abiria. Huondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi inayofuata, kwa hiyo habari italala huko. Weka boti ya kukodi kwenye bajeti au hamisha tukio.

## Hatua ya 2: Mkamue mteja (siku 10 kabla)

Usikubali maelezo ya simu. Kaa na mteja saa moja na utoke na haya yameandikwa:

1. Nini kinabadilika, na kwa nani? Jibu la "mashine imenunuliwa" halitoshi. Ilikuwa inachukua muda gani kukamua, na sasa inachukua muda gani?
2. Takwimu tatu, kila moja na chanzo chake. "Wanachama 42" imetoka wapi: daftari la kikundi au kumbukumbu ya mwenyekiti?
3. Fedha zimetoka wapi, na nani lazima atajwe. Mfadhili anayesahaulika hupiga simu saa 2 na nusu usiku.
4. Watu wawili wa kuhojiwa wasio viongozi. Mhariri anataka mkamuaji wa mawese, mwenyekiti anamsikia kila wiki.
5. Swali gani mteja anaogopa kuulizwa? Liandikie jibu fupi la kweli. Mwandishi mzuri atalifikia tu.

Majina yaandikwe na wenyewe, kwa mikono yao, kwenye daftari lako. Majina ya Kiha yenye "nt", "nd", "r" na "l" huharibika haraka yakipita kwenye masikio ya mtu wa pili, na jina likishakosewa hewani halirudi. Kama mama atazungumza Kiha, sawa kabisa: redio za mkoa zitafurahi. Rekodi kwa Kiha, kisha mtu mwingine, asiye wa kikundi hicho, akuandikie tafsiri.

Dalili ya kufaulu: ukifunika daftari, unaweza kueleza habari kwa sentensi mbili bila kutumia neno "mradi".

## Hatua ya 3: Andika taarifa kabla ya tukio (siku 7 kabla)

Maneno 350 hadi 400. Kichwa kisizidi maneno 10. Aya ya kwanza isizidi maneno 35.

Aya ya kwanza inayouawa na wahariri ni hii:

"Katika kuunga mkono juhudi za Serikali ya Awamu ya Sita katika kuwainua wananchi kiuchumi, kikundi cha akina mama kimefanya hafla ya uzinduzi wa mashine…"

Mhariri amefika neno la ishirini hajaona habari. Andika hivi:

"Akina mama 42 wanaokamua mawese Simbo, Wilaya ya Kigoma, wameanza kutumia mashine ya injini inayokamua kwa saa moja kiasi walichokuwa wakikimaliza kwa siku nzima kwa mikono."

Kisha nukuu ya mkamuaji, takwimu na chanzo chake, nukuu ya mwenyekiti, na mwisho aya ya maneno 60 inayoeleza kikundi ni nani. Chini kabisa weka namba mbili za simu za watu watakaopokea. Namba ya mwenyekiti aliye jukwaani haisaidii.

Nukuu ya mgeni rasmi usiitunge. Acha nafasi yenye rangi ya njano iliyoandikwa NUKUU YA MGENI RASMI, uijaze siku hiyo kwa maneno aliyosema kweli. Kiongozi akiona maneno asiyosema yako gazetini, utapoteza ofisi nzima, si tukio moja.

Tengeneza pia maelezo ya picha tatu unazotarajia: mkamuaji akimwaga chikichi kwenye mashine, mafuta yakitoka, mgeni rasmi akiwasha injini. Majina yatakuwa tayari, kilichobaki ni picha. Angalia picha za akiba zisipingane na msimu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ofisi inayotuma picha ya dagaa wabichi kipindi kama hicho inamtafutia mteja maswali.

## Hatua ya 4: Pata idhini (siku 5 hadi 2 kabla)

Habari nyingi zinafia hapa, kwa hiyo usiipite haraka.

Siku ya kusaini mkataba, mteja ataje mtu mmoja wa kuidhinisha na mmoja wa akiba. Wakiwa watatu, wa kwanza atafuta koma, wa pili atairudisha, na wa tatu atakuwa safarini. Kama makao makuu ya mteja yako Dar es Salaam, uliza mapema nani huko lazima aone, na ongeza siku tatu za kazi. Meneja wa tawi anayesema "mimi natosha" mwombe akuandikie hivyo.

Tuma rasimu ikiwa na namba ya toleo kwenye jina la faili: *Simbo_taarifa_toleo2*. Ukiwa na faili tatu zenye jina "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya", siku moja utatuma isiyo yenyewe.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na wenye saa:

"Shikamoo Mama Mwenyekiti. Nimekutumia taarifa, toleo la 2. Naomba uangalie mambo matatu tu: majina, takwimu na nukuu yako. Ukiridhika niandikie NIMEKUBALI kabla ya saa 10 jioni Jumatano. Nitakupigia saa 9 nikukumbushe."

Unaomba mambo matatu kwa makusudi. Ukimwambia mtu "angalia kama kuna kitu", atakitafuta mpaka akipate, na kitakuwa neno ulilolipenda.

Kimya si idhini. Mpigie simu, na akikubali kwa mdomo mwombe aandike. Ikifika siku moja kabla bila jibu, muulize mteja waziwazi: tunaahirisha, au tunatuma sentensi tatu zisizo na nukuu? Aamue yeye, kwa maandishi.

Idhini ya mteja haimfuniki mkamuaji uliyempiga picha. Huyo ana fomu yake, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mweleze kwa lugha anayoielewa picha itakwenda wapi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Vibali vingine huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani: kambi za wakimbizi zinahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hifadhi za Gombe na Mahale ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), droni ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga). Bandarini na stesheni usitoe kamera kabla hujaongea na uongozi wa hapo.

Dalili ya kufaulu: siku mbili kabla, una taarifa yenye tundu moja tu, la nukuu ya mgeni rasmi.

## Hatua ya 5: Mwaliko na nauli (siku 5 kabla, kisha jana yake)

Mwaliko uwe wa nusu ukurasa: nini, wapi, saa ngapi picha itapatikana, nani atahojiwa, namba ya simu. Usiandike "saa 3 asubuhi kamili" wakati unajua mgeni rasmi anafika saa 4. Andika "mahojiano na wakamuaji saa 3, uzinduzi saa 4". Mwandishi mwenye matukio mawili atachagua mahojiano ya saa 3, apate anachotaka, na aondoke.

Jana yake mpigie kila mmoja. Ujumbe kwenye grupu la WhatsApp haumgusi mtu.

Nauli iwe wazi. Iweke kwenye bajeti ya mteja kwa jina lake, kiwango kimoja kulingana na umbali, walipwe kwa kusaini, asubuhi wanapofika. Bahasha ya siri inayotolewa baada ya tukio ina harufu ya malipo ya habari, na inamweka mwandishi pabaya kwa mhariri wake. Inaleta na watu wasio na chombo. Kumbuka pia kwamba waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka. Msaada mkubwa unaoweza kumpa ni habari iliyokamilika.

## Hatua ya 6: Siku ya tukio

Wa kamera awe eneo la tukio saa 1 na nusu. Kazi yake inaisha *kabla* mgeni rasmi hajafika, isipokuwa picha moja na nukuu moja.

- Sauti: mkamuaji sekunde 20 hadi 40, mwenyekiti hivyohivyo. Injini izimwe wakati wa mahojiano, kisha rekodi mlio wake peke yake sekunde 15. Redio wataupenda.
- Video: kamera ilale, isisimame, na kila kipande sekunde 8 hadi 10 bila kutikisa. Jumla sekunde 90 zinatosha: mikono, chikichi, mashine, mafuta, sura, eneo lote kwa mbali.
- Picha: tatu zilizopangwa, mbili za akiba. Picha ya watu kumi na tano wamejipanga na bango piga kwa ajili ya ripoti ya mteja. Magazetini haiendi.

Sauti na picha za asubuhi zitumwe dawatini hapohapo, usisubiri hotuba.

Wa wageni akae karibu na msaidizi wa mgeni rasmi. Baada ya salamu za itifaki na utambulisho, sentensi yenye habari hupita mara moja tu. Anaiandika, anamsomea afisa habari wa kiongozi, kisha anaituma dawatini kwa ujumbe wa maandishi. Hapo tundu la njano linajazwa.

Mgeni rasmi akichelewa saa mbili? Msiwashikilie waandishi. Wapeni mahojiano, waende, na picha ya kuwasha mashine mtawatumia. Mteja ataogopa viti vitupu, mwelezeni mapema kwamba mwandishi aliyeondoka na habari ni bora kuliko aliyebaki na hasira.

## Hatua ya 7: Kutuma (mwisho saa 8 mchana)

Anza na redio, kwa sababu wana taarifa za habari mchana na wanahitaji sauti tu. Fuata televisheni, ambao wanatakiwa kuhariri kabla ya saa 2 usiku. Kisha magazeti, ambayo kurasa za mikoani hufungwa mapema kuliko ukurasa wa mbele. Mitandao ya mteja mwenyewe iwe mwisho: mhariri akishaiona Instagram, kwake imechacha.

Tuma kwa kila mtu peke yake:

- Maandishi yawe ndani ya barua pepe yenyewe, na nakala ya Word. Ukimpa PDF unamlazimisha achape upya.
- Picha JPG, MB 1 hadi 3 kila moja. Kwenye WhatsApp zitume kama hati, maana zikitumwa kama picha programu inazibana na gazetini zinatoka na ukungu.
- Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25. Video itume kwa kiungo, na ukifungue kwenye simu nyingine kuhakikisha hakiombi ruhusa.
- Jina la faili lieleze kilichomo: *Simbo_mkamuaji_akimwaga_chikichi*. *IMG_4471* haisemi kitu.

Nusu saa baadaye piga simu. Usiulize "mtaitoa?" Uliza "kuna kinachopungua?" Swali la kwanza linamkera mhariri, la pili linampa sababu ya kufungua barua.

## Wateja wawili siku moja

Itatokea, hasa Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa. Msigawanye watu, gawanyeni saa. Tukio A liwe saa 2 hadi saa 5, tukio B liwe saa 9, na taarifa ya B iandaliwe kama habari ya kesho. Dawati linabaki moja na linamaliza A kabla ya kufungua B. Kama wateja hao wana ushindani, waambieni wote wawili kabla, mmoja asije akaligundua kwenye redio.

## Hatua ya 8: Usiku na siku mbili zinazofuata

Rekodi zilizotoka: saa, chombo, dakika, nani alitajwa. Gazeti lipigwe picha ukurasa mzima pamoja na tarehe.

Kosa likitoka, pima kwanza. Jina la mtu au takwimu, piga simu kwa mwandishi mwenyewe, kwa upole, kabla ya kwenda kwa mhariri wake: "Kaka, jina la mama ni hili, naomba lirekebishwe kwenye toleo la mtandaoni." Kichwa ambacho mteja hakukipenda si kosa, kiacheni.

Ripoti ya kurasa mbili imfikie mteja ndani ya saa 48: nini kilitoka, wapi, nini hakikutoka na kwa nini. Usizidishe hesabu kwa kuorodhesha kurasa zilizonakili habari moja.

Ankara iambatane na ripoti hiyo, risiti ya EFD (mashine ya kodi) itolewe, na kama mteja anakata kodi ya zuio ya 5% kwenye ada ya huduma, dai cheti cha zuio siku hiyohiyo anapolipa. Ukikidai mwisho wa mwaka, mhasibu aliyekata atakuwa amehamishiwa Katavi.